Dakika Kumi Juu ya Msitu

Goma, mtu hakuulizi mji fulani uko kilometa ngapi. Anakuuliza ndege inachukua muda gani. Bukavu ni robo saa, hata kikombe cha chai hakijapoa. Beni ni dakika arobaini na kitu. Kisangani ni saa moja. Kinshasa ni saa mbili na zaidi, kutegemea ndege na kutegemea Mungu. Masisi, ambako ndiko asili yetu na ambako milima yake tuliiona kila asubuhi isiyo na ukungu, hakukuwa na ndege, kwa hiyo ilikuwa mbali kuliko Kinshasa.

Nilikulia Mabanga, karibu na kiwanja cha ndege. Ndege ilipokaribia kutua, mama alinyamaza katikati ya sentensi, akangoja ipite, kisha akaendelea na neno lile lile alipoliachia. Nilidhani watu wote duniani wanaongea hivyo, kwa vipande. Barabara zilikuwepo kwenye ramani ya shule, nyekundu na nyembamba, lakini juu yake palikuwa na vizuizi, madaraja yaliyoanguka, na watu wenye bunduki ambao hukujua leo ni wa nani. Vita ilikuwa imeua kilometa. Tulibaki na dakika.

Kwa hiyo nilipokuwa mdogo nilijua kwamba nyanya yangu, mama mzazi wa mama, anaishi saa moja kutoka kwetu. Sikujua kwa nini haji.

Alikuwa amefika Kisangani kwa miguu. Ilikuwa katika vita ile ya kwanza, kabla sijazaliwa, wakati watu wa Masisi walipokimbia kila upande kama mchele uliomwagika. Mama yangu, aliyekuwa msichana wa miaka kumi, alikuwa Keshero, mtaa wa Goma, kwa shangazi yake siku hiyo, akaponea mjini. Nyanya alisukumwa na umati kuelekea magharibi, ndani ya msitu, akiwa na binti yake mdogo mgongoni. Alitokea Kisangani miezi mingi baadaye, mgongo ukiwa mtupu. Akabaki huko. Alijifunza Lingala, alijifunza kufunga chikwangue, mkate wa muhogo, kwenye majani, akaiuza sokoni, na akazeeka.

Mama alijaribu mara mbili kumrudisha kwa ndege. Mara mbili nyanya alifika hadi kwenye kiwanja cha Kisangani na kugeuka. Kwenye simu alisema tu, "Siwezi kupita pale kimya." Mama alilia, akakasirika, akasema uzee umeanza kumpotosha. Mara ya tatu aliamua kunituma mimi. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nilikuwa na umri wa kusafiri peke yangu, na mama aliamini kwamba mtu aliyesoma anaweza kumshawishi yeyote.

Alinivalisha saa yake mkononi. "Ukimuona, usibishane naye," akasema. "Umuulize anaogopa nini. Halafu umulete."

Ndege ilipoinuka kutoka Goma niliangalia saa. Nilitaka kujua kama ile saa moja tuliyoitaja maisha yetu yote ilikuwa ya kweli. Tulipita juu ya lava nyeusi, juu ya milima ya Masisi yenye malisho kama nguo ya kijani iliyochanikachanika, kisha msitu ukaanza. Haukuisha. Ulikuwa sawasawa, bila paa hata moja, kama manyoya mazito ya mnyama aliyelala. Niliweka paji la uso kwenye kioo na kufikiria mwanamke mwenye mtoto mgongoni akiwa chini ya majani yale, asione hata anga. Magurudumu yalipogusa ardhi ya Kisangani zilikuwa zimepita dakika hamsini na tano. Nilihisi aibu ambayo sikuweza kuieleza, kama mtu aliyefaulu mtihani kwa kuibia.

Nilikuwa nimemletea nyanya jibini ya Masisi, duara zima. Aliinusa kabla hajanikumbatia. Akaiweka mezani, akaiangalia muda mrefu.

"Hii ng'ombe ilikula majani ya juu," akasema. "Sasa wewe njo mutoto ya binti yangu? Uko murefu hivi? Balikuwa banakulisha nini, kamba?"

Chumba chake kilikuwa nyuma ya parokia, safi mno, na pembeni mwa kitanda palikuwa na mfuko mkubwa uliojaa. Nilifurahi. Nilidhani amekwisha kufungasha nguo. Nilipoufungua nilikuta chikwangue, nyingi, zimepangwa kama matofali. Samaki wa chumvi. Unga wa mahindi uliokaangwa. Chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa kwa mafundo matatu. Kiberiti ndani ya plastiki mbili.

"Nyanya, hii yote ya nini?"

"Ya njia."

"Njia ni saa moja."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Saa moja ni kumenya mihogo, mutoto wangu. Njia ya Goma ninaijua. Hakuna mutu ataniambia."

Nikamwonyesha saa ya mama, nikamwambia nimeihesabu mwenyewe, dakika hamsini na tano. Hapo akaacha kucheka. Akakaa kitandani, akanishika mkono wenye saa, na kwa mara ya kwanza nikasikia lile alilokuwa halisemi kwenye simu.

Kwao, mtu hapiti kwenye kaburi la mtu wake bila kusimama na kujitaja. Unasema wewe ni nani, unatoka wapi, unaenda wapi. Hata ukiwa na haraka, hata ukiwa na mzigo kichwani. Aliyelala pale anatambua miguu yako. Ukipita kimya, anafikiri umemkataa. Na binti yake, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa amelala katikati ya ule msitu, kando ya barabara, kwenye shimo alilolichimba kwa kifuniko cha sufuria.

"Sikatai ndege," akasema. "Ninakataa kupita juu yake bila kumuambia. Hao ba kiwanja, nimebauliza mara mbili: pale kwa mutoto wangu munapita dakika gani? Banacheka. Sasa wewe ulisoma. Uniambie dakika, nitapanda."

Hilo ndilo lililokuwa sharti lake. Hakuogopa kuanguka, hakuogopa vita iliyokuwa ikitungojea Goma. Alitaka dakika moja, ile halisi. Tiketi zetu zilikuwa za Jumatano, na siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Niliichukua kazi ile kwa kiburi cha mtu aliyepata alama nzuri katika hesabu. Nilimuuliza alitembea siku ngapi kutoka Masisi hadi pale alipomzika mtoto. Akafikiri. Miezi miwili na nusu. Na kutoka pale hadi Kisangani? Siku kumi na mbili. Nikachukua karatasi. Siku zote kwa pamoja, dakika hamsini na tano, gawanya, zidisha. Kaburi lilikuwa karibu sana na Kisangani. Tukiondoka huku, tungelipita katika dakika ya nane.

"Dakika ya nane," nikamtangazia.

Nyanya alikuwa anafunga chikwangue. Hakuinua macho. "Dakika ya nane tungali tunasikia kengele ya parokia."

"Ni hesabu, nyanya."

"Ulihesabu nini?"

"Siku ulizotembea."

"Mu ile miezi miwili na nusu," akasema, akivuta uzi wa jani kwa meno, "mwezi na nusu tulikaa nafasi moja. Mvua ilikuwa, mizinga ilikuwa, mutoto alikuwa na homa. Tulilala chini ya sheeting, ile plastiki ya bakimbizi. Umenitembeza na hizo siku pia?"

Nilikuwa nimemtembeza. Karatasi yangu ilikuwa imechukua mwezi na nusu wa kukaa kwenye matope na kuugeuza kuwa mwendo. Mpaka leo, ninapoandika juu ya watu waliokimbia, ninaikumbuka karatasi ile. Tunaandika "walitembea, walitembea," kana kwamba miguu haikuwahi kusimama, na kumbe sehemu kubwa ya kukimbia ni kungoja.

Tukaanza upya, safari hii yeye akiongoza. Hakujua majina ya vijiji vyote, lakini alijua mambo mengine kwa uhakika ulionishangaza. Alijua walivuka daraja la chuma asubuhi. Alijua baada ya daraja walitembea nusu siku, jua likiwa mgongoni mpaka likapanda kichwani. Alijua palikuwa na mto wa maji mekundu kama chai isiyo na maziwa, na ng'ambo yake jiwe refu linalofanana na ng'ombe aliyelala. Kaburi lilikuwa upande wa kichwa cha ng'ombe. Alinieleza bila kulia, kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda sokoni. Nilimtazama nikajua kwamba sijawahi kukutana na akili iliyotunza kitu vizuri namna ile, bila daftari, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Jumanne nilikwenda kiwanjani na ramani ya shule niliyoazima kwa padri. Mfanyakazi wa kaunta, kijana mwenye tai, aliangalia alama niliyochora katikati ya msitu.

"Mademoiselle, angani hakuna borne, yale mawe ya kilometa," akasema. "Unataka tupige breki pale?"

Wenzake wakacheka. Nilikuwa naikunja ramani, masikio yakiwaka moto, wakati mwanamume mwenye mvi na shati jeupe, aliyekuwa ananywa maji kwenye benchi, aliponiambia, "Leta hapa."

Alikuwa rubani wa ndege yetu. Zamani alikuwa ameendesha ndege ndogo, zile zinazotua kwenye barabara na viwanja vya nyasi, kwa hiyo msitu ule aliujua kwa karibu. Nilimweleza kila kitu: daraja la chuma, nusu siku, mto mwekundu, jiwe. Alisikiliza bila kutabasamu. Halafu akachukua kalamu yangu na kuchora mstari ulionyooka kutoka Kisangani hadi Goma.

"Angalia. Kwa ndege ni karibu kilometa mia tano. Lakini barabara haifuate huu mustari. Barabara inapinda, inabaki kusini. Hatupite juu yake kabisa. Tunapita kandokando."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Sijasema vile. Ile daraja ninaijua. Mama akae dirishani, upande wa kuume. Itakuwa katikati ya njia, hapo kwenye nusu saa."

"Dakika ya ngapi, papa? Anataka dakika."

Alinitazama, kisha akaitazama saa ya mama mkononi mwangu. "Kuna upepo, kuna uzito, kuna namna tunaondoka. Sitamudanganya nyanya yako. Umuambie hivi: taa ya mikanda ikiwaka katikati ya njia, aseme maneno yake."

"Na mawingu yakiwepo?"

"Mawingu itakuwepo. Huu ni mwezi wa mvua. Alimuzika mutoto akiwa na macho. Kumusalimia hakuombe macho."

Nilirudi nikamweleza nyanya. Aliniuliza swali moja tu: "Huyo muzee, alicheka?" Nikasema hakucheka. "Basi tutaenda," akasema, akaongeza chikwangue mbili kwenye mfuko.

Jumatano mfuko ule ulikaribia kuturudisha nyumbani. Mfanyakazi mwenye tai aliuweka kwenye mizani, mshale ukaruka.

"Nyanya! Hii chakula ni ya batayo nzima ya askari?"

"Wewe ulishakwenda Goma?"

"Kila wiki, nyanya."

"Kwa miguu?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walipiga makofi, mmoja akasema, "Mupitishe, anakushinda!" Mfuko ukapita.

Nyanya alikaa dirishani, upande wa kulia. Mimi nilikaa katikati, na mkono wangu wa kushoto alikaa mfanyabiashara mnene mwenye rozari aliyeanza kusali hata kabla injini hazijawaka. Ndege iliponguruma nyanya alishika kiti cha mbele, akafumba macho, akafumbua. Nikasema saa imeanza. Msitu ulionekana kidogo, halafu mawingu yakafunga, meupe, mazito, bila tundu.

Dakika ya kumi. Ya kumi na tano. Nyanya alikuwa amefungua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga tena vizuri, kama mtu anayekaribia nyumba ya wenyeji wake. Dakika ya ishirini niliitazama saa tena. Nilifikiri: labda rubani amesahau. Labda alisema vile ili niondoke na ramani yangu. Nyanya alikuwa ameniamini mimi, na mimi nilikuwa nimemwamini mtu niliyemwona mara moja kwenye benchi.

Dakika ya ishirini na nne taa ikawaka.

Msichana wa ndege akatangaza kwamba tufunge mikanda. Nje palikuwa patulivu kabisa, wala ndege haikutikisika, na labda ndiyo sababu watu waliogopa zaidi. Mazungumzo yakakatika safu kwa safu. Mfanyabiashara akaibana rozari. Ndani ya ukimya ule wa watu wengi wanaongoja kutikiswa, nyanya aliweka kiganja kwenye kioo na kusema kwa lugha ya milimani, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili:

"Ni mimi, mama yako. Natoka Kisangani. Naenda Goma, kwa dada yako. Kitu hiki kina mbio, hakijui kusimama, unisamehe. Lakini sikupiti kimya."

Akanigeukia. "Imezimika?"

"Bado inawaka."

"Bado?"

"Bado, nyanya."

Alishangaa kama mtu aliyetegemea kijiko akapewa sahani. Akarudi kwenye kioo. Akamwambia mtoto kwamba dada yake amezaa, kwamba huyu hapa ndiye mzao mwenyewe, ni mrefu kama kamba lakini ana adabu. Akamwambia juu ya soko la Kisangani, juu ya jibini. Akamwambia kwamba kile kifuniko cha sufuria bado anacho. Mimi sikujua hilo. Kilikuwa chini kabisa ya mfuko, chini ya chikwangue zote. Nilikiona siku tulipoufungua.

Mfanyabiashara aliniinamia. "Mama anaongea na nani?"

"Na mtoto wake. Yuko chini huku."

Alitazama mawingu, akatazama taa, na nadhani alielewa kwa nini taa inawaka na ndege haitikisiki. Alianza tena rozari yake tangu mwanzo, polepole, kwa sauti ndogo kuliko ya nyanya.

Taa ilizimika dakika ya thelathini na nne. Nilikuwa nimekwenda kiwanjani kuomba dakika moja, na rubani yule akatoa kumi, ili kosa lolote la upepo au la hesabu au la kumbukumbu lisimkoseshe nyanya salamu yake. Nimekutana na watu wengi wenye ufasaha tangu siku hiyo. Sijakutana na sentensi niliyoipenda kuliko taa ile.

Nyanya alijifuta uso, akafungua mfuko. Aligawa chikwangue na samaki kwa safu yetu, ya mbele na ya nyuma. "Mukule," akawaambia, "njia imebaki kidogo." Walikula, hata yule mfanyabiashara.

Tuliposhuka kuelekea Goma mawingu yalipasuka na mji ukaonekana wote: ziwa, lava, mabati. Upande wa volkano, kule Kanyaruchinya, palikuwa na weupe mwingi uliotawanyika. Nyanya akaniuliza kama ni mawe.

"Ni sheeting," nikasema. "Watu waliokimbia."

"Bado banakimbia?"

"Bado."

Aliviangalia vile vibanda mpaka bawa lilipovificha. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole chikwangue zilizobaki.

Mama alikuwa amesimama nje ya mlango wa abiria, amevaa kitenge chake cha Pasaka ingawa ilikuwa Jumatano. Alikuwa na miaka kumi walipoachana. Nilitegemea kelele, nilitegemea kuanguka chini. Walisimama hatua moja kutoka kwa kila mmoja wakitazamana, na nyanya ndiye aliyeanza, kama anavyoanza mtu aliyepewa ujumbe njiani na anaogopa kuusahau.

"Mudogo yako anakusalimia."

Mama hakuuliza maana yake. Aliangalia juu, upande wa magharibi tulikotoka, kisha akainamisha kichwa jinsi tunavyofanya tunapoletewa salamu ya mtu tunayemheshimu.

"Nimepokea, mama," akasema.

Kisha akaupokea na mfuko.